Mkusanya Vitisho

Binti ninayekaa naye meza moja huikusanyia kampuni yetu maneno ya vitisho, ili mtandao wetu wa kijamii uyazuie kabla hayajamfikia mtoto yeyote. Kila neno hulinong'ona kwanza, kisha huliandika: "nitakukata", "utanijua", "napajua kwenu". Sisi humtania, "Dada, leo umeshatutisha mara ngapi?" naye hucheka bila kuinua macho.

Jana mchana hakucheka. Alinisogezea simu. Mtu asiyemjua alikuwa amemwandikia: "Mdogo wako anapendeza na sare mpya." Sare yenyewe mtoto aliivaa asubuhi ile kwa mara ya kwanza. Binti alikuwa amesharipoti, na mtambo wa kampuni ukamjibu papo hapo: hakuna neno la kitisho lililopatikana. Nikafoka kwamba twende kwa wakubwa sasa hivi, watueleze! Hakunisikia. Alifungua orodha yake, akanong'ona "anapendeza", akaliandika, akalitazama, akalifuta. Akapiga simu shuleni.

"Mwalimu, nakuomba, mdogo wangu asitoke getini mpaka nifike."

"Kuna nini? Ametishiwa?"

"Hapana, Mwalimu. Amesifiwa," akajibu, huku ameshaanza kushuka ngazi mbio.