Hadithi za Mchana

Kwetu hadithi haisimuliwi mchana. Ukisimulia jua likiwa juu, mama yako atakufa. Ndivyo tulivyoambiwa watoto wa Katandala, mtaa wetu wa Sumbawanga, na sikumbuki hata mmoja aliyethubutu kuhakikisha.

Mama yangu alikuwa bingwa wa hadithi, na mkorofi pia. Msichana wa hadithi akifika njia panda, mama ananyamaza, anaendelea kupukuchua mahindi yake. "Apite wapi?" Tukisema kushoto, anapita kushoto. Tukikosea, fisi anamla na hadithi imeishia hapo, hata ulie mpaka kamasi zikutoke.

"Mmemuua wenyewe. Mkalale."

Serikali iliporuhusu biashara huria, jirani mmoja alileta televisheni na mashine ya gemu kutoka mpakani Tunduma, akafungua kibanda karibu na soko. Nilishinda pale. Kilichonishangaza si picha. Ni kwamba mtu wa kwenye kioo akifa anarudi, anaendelea kama hakuna kilichotokea. Nilipomsimulia mama, akasema wanaotengeneza vitu hivyo wanawadekeza watoto wa watu.

Miaka ikapita, nikawa mwalimu wa shule binafsi hapa hapa Sumbawanga. Simu za intaneti zilipotufikia, nikaona tangazo: kampuni ndogo ya Dar es Salaam inayotengeneza michezo ya simu kwa Kiswahili inatafuta mtu wa kubuni simulizi. Niliandika hadithi ya msichana wa mama, pamoja na njia panda zake zote, nikatuma. Wakajibu kwamba wameipenda, ila wanataka kunisikia nikiisimulia kwa simu ya video. Saa nne asubuhi.

Nikawauliza, mimi msomi mzima, kama haiwezekani jioni. Wakasema haiwezekani.

Wakati huo mama alikuwa amelala chumbani tangu mvua zianze. Hospitali walishatuambia tumrudishe nyumbani, na kila mtu anajua maana ya maneno hayo. Kusema kweli sikuamini ule mwiko. Lakini kutouamini ni jambo moja, na kuujaribu mama yako akiwa kitandani ni jambo jingine. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na nilikuwa tayari kuiacha.

Mama akanisikia nikilalamika ukumbini, akaniita.

"Kazi inakusubiri, wewe unaangalia jua?"

"Mama, unajua wanavyosema."

"Najua. Si mimi niliyekuambia? Ziba madirisha."

Nikaziba ya chumba chake. Blanketi dirisha la kwanza, kitenge dirisha la pili, mlango nikaufunga. Chumba kikawa giza, baridi ya Ufipa ikabaki nje na upepo wake. Mama akapiga makofi kwa mikono yake iliyokonda.

"Haya. Usiku umeingia."

Simu ikaita. Upande wa pili walikuwa dada mmoja na kijana mwenye miwani. Dada akauliza kama umeme umekatika. Nikamwambia huku kwetu ni usiku. Wakacheka, nikaanza.

Msichana alipofika njia panda nikanyamaza. "Apite wapi?" Yule kijana akaanza kueleza kwamba kwa kawaida mchezaji hupewa machaguo, halafu mfumo unayapima. Sauti ikatoka kitandani:

"Kijana, umeulizwa njia. Jibu!"

"Kulia," akasema kwa hofu.

Fisi akamla msichana.

"Ndiyo imeisha?" akauliza dada.

"Amemuua mwenyewe," akasema mama.

Walicheka mpaka picha ikaganda. Kabla wiki haijaisha nikapata kazi. Mama aliniuliza kama huko msichana akifa watakuwa wanamrudisha. Nikamwambia lazima, wateja wamezoea hivyo. Akafikiri kidogo.

"Basi mrudishe," akasema. "Ila usimrudishe upesi."

Alifariki kabla sijaripoti kazini. Nililia kama mtoto, sikujali nani ananiona. Akili yangu ilijua ni figo. Madaktari walieleza, nikaelewa. Moyo ndio uliokuwa ukiuliza kama lile blanketi lilikuwa na tundu.

Baada ya mazishi tulianua tanga kumaliza msiba, ndugu wakawa wameketi uani wakiota jua la asubuhi. Watoto walikuwa wasumbufu. Shangazi yangu, mkubwa wa ukoo sasa, akaniambia niwasimulie hadithi moja ya mama yangu watulie.

"Shangazi, jua limeshapanda."

Alinitazama kwa huruma ambayo sikuielewa mara moja.

"Mwiko huo ni wa wenye mama," akasema. "Wewe sasa simulia saa yoyote, mwanangu."

Nikakaa kwenye jamvi, jua likinipiga usoni, nikaanza kusimulia.