Kuruka Hadi Mogadishu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Ukiondoa miaka ya bweni, ambayo niliililia kwa bidii kuliko nilivyosoma, safari zangu ni kwenda mtoni Tana kuoga na kurudi kula. Hata hivyo, enzi za vita vya shifta, waasi waliotaka eneo letu lijiunge na Somalia, niliwahi kuruka kutoka Garissa hadi Mogadishu.

Niliruka na binamu yangu, mtoto wa shangazi. Tulimaliza sekondari pamoja, dawati moja, na hakuna siku aliyokubali nipite na kosa. Nikisema mbuzi ni wanane, yeye atawahesabu upya. Jioni hiyo tulikuwa tukitoka sokoni na nyama, tunawahi kabla ya saa ya kutotoka nje, askari wa kizuizi cha barabarani wakatusimamisha kwa jina walilotuitia Wasomali wote.

"Nyinyi waria, mmesoma?"

"Tumesoma, afande," nikasema, kifua mbele.

"Haya, msomi. Kutoka hapa hadi Mogadishu kwenu ni mbali kiasi gani?"

Mji mzima ulilijua swali hilo. Ukihesabu siku za kutembea, basi umetembea, na bunduki begani. Ukisema hujui, unaficha. Nikaona nijibu kisomi.

"Maili mia nne na kidogo, afande. Kwa ndege ni mwendo wa saa mbili na nusu."

Akawageukia wenzake. "Kumbe hawa ni ndege. Rukeni basi, tuone."

Tukatandaza mikono, nyama ikining'inia kwenye bawa langu. Mkono ulioshuka ulipandishwa kwa kitako cha bunduki. Mimi nikafanywa rubani, kazi yangu kutangaza tunapopita.

"Liboi," nikasema. "Sasa Jilib. Sasa tunapita Afmadow."

Ningependa kuandika kwamba nilikosea kwa ujanja. Nilikosea kwa sababu jiografia ilinishinda tangu kidato cha kwanza.

"Afmadow inatangulia," binamu yangu akanong'ona. Hakuweza kujizuia. "Jilib iko mbele, kwenye mto."

Askari akaweka chini kikombe chake cha chai. "Wewe. Huo mto umeuvuka mara ngapi?"

"Nimeuona kwenye ramani ya shule, afande. Huyu naye alioneshwa, ila alikuwa amelala."

Wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi. Nami nikacheka, nikidhani tumepona. Kisha wakamfunga mikono nyuma kwa kamba, wakamtupa ndani ya lori.

"Abiria mmoja ameshuka," askari akasema. "Rubani, endelea."

Lori lilipita karibu yangu likielekea kambini. Sikuthubutu kushusha mkono nimpungie. Niliendelea kutangaza miji ovyo ovyo, na hakuna aliyenisahihisha. Walipochoka na mchezo wakaniuliza kama nimefika. Nikasema nimefika. Wakachukua nyama, wakanifukuza.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. "Mwenzako umemwacha wapi?"

"Wamemchukua, eddo."

Hakunipigia kelele. Asubuhi alivaa nguo yake ya Idi, akaenda kambini kumwulizia mwanawe, mimi nikiwa nyuma yake kama mkalimani. Yule yule wa chai ndiye aliyetupokea.

"Mwambie mama kijana wake amepanda ndege," akasema. "Akae hapo langoni, atamwona ikitua."

Nilimtafsiria yote, maana sikujua namna ya kuyapunguza. Akatandika shuka yake mchangani, akakaa. Kesho yake akarudi, na siku zilizofuata pia, mpaka kambi yenyewe ikahamishwa. Mwanawe hakurudishwa, hai wala maiti.