Pindo la Gauni la Mwisho

Leontine Vasseur alikuwa hajavuka kwenda ng'ambo ile ya mto tangu nyumba ya mitindo ya Bwana Anselme ilipofungwa. Asubuhi hiyo alipanda basi, amevaa koti lake jeusi alilolishona mwenyewe, akalifumua na kulishona tena mara nyingi hata hakumbuki kola ya kwanza ilikuwaje. Mkobani alikuwa na mkasi mdogo, sindano na subana yake ya zamani ya kukingia kidole. Jumba la makumbusho lilikuwa limewaita washonaji wa Bwana Anselme Corvoisier waje kusaidia kuyavisha masanamu magauni yake, kwa maonyesho ya kumkumbuka marehemu. Wengi wa wenzake walikuwa wameshatangulia, au wamehamia kwa wajukuu huko kusini. Leontine hakuwa na mjukuu wa kuhamia kwake. Alikwenda, lakini hakwenda kumkumbuka mtu. Alikwenda kuchukua unywele wake.

Katika vyumba vya kushonea vya Paris, msichana asiye na mume akipewa gauni la harusi alishone, hung'oa unywele wake mmoja akauficha ndani ya pindo. Bibi harusi akishaingia nao kanisani, aliyeuficha naye ataolewa kabla mwaka haujaisha. Cheka ukitaka. Wasichana wa chumba cha Bi Berthe, mkuu wao, hawakucheka. Waligombania mapindo kama kuku wanavyogombania punje, na mmoja mmoja wakaolewa kweli, wengine na wanaume ambao heri unywele ungebaki kichwani.

Leontine aliona haya kugombania. Sikukuu ya Mtakatifu Katerina ikamkuta na miaka ishirini na mitano, hana mume, naye akavalishwa ile kofia ya kijani na manjano wanayovalishwa wasichana wa umri huo, wenzake wakampigia makofi chumba kizima. Alicheka nao. Alipofika kwake, mtaa wa Belleville, aliivua, akaiweka juu ya kabati, akalia mpaka pua ikawa nyekundu.

Mchumba alikuwapo, si kwamba hakuwapo. Firmin, fundi wa reli, mtu wa maneno machache, alikuwa akimngojea jioni penye ngazi za kituo cha treni, mikono inanukia mafuta ya mashine hata akiiosha namna gani. Neno lenyewe alikuwa hajalitamka. Leontine aliamini kilichobaki ni msukumo mdogo tu, na msukumo huo ungetoka kwenye pindo.

Bwana Anselme mwenyewe alikuwa mchoraji wa magauni. Kushona hakujua. Alikuwa mashoto, na siku moja alipojaribu kushikiza kifungo mbele yao, mishono ililala upande usio wake, mikubwa na imepinda kama ya mtoto wa shule, wakacheka mpaka Bi Berthe akawakemea. Lakini alichokichora yeye, Leontine alikitoa vilevile. Wateja wakubwa wakija, alikuwa akimshika bega na kuwaambia, "Mikono yangu ni hii hapa." Leontine akajisikia mtu. Leo tunaweza kusema alikuwa mjinga, ila nani hajawahi kulewa sifa za mtu anayemheshimu?

Basi wakati wa maonyesho ya mavazi ya majira ya kuchipua, Leontine akapewa pindo la gauni la harusi, lile la kufungia maonyesho, hariri nyeupe tupu isiyo na pambo hata moja. Aling'oa unywele wake, mweusi wakati huo, akawa anaulaza kwenye mkunjo, Bwana Anselme akatokea nyuma yake na kumuuliza anafanya nini.

"Naomba mume, Bwana," alisema.

Chumba kizima kikacheka. Bwana Anselme naye akacheka, kisha akamuuliza:

"Na ukiolewa, binti, mimi atanishonea nani?"

"Si utatafuta mwingine? Paris imejaa wasichana wenye sindano."

"Wenye sindano, ndiyo, wamejaa," alisema, akaenda zake.

Gauni likapita mbele ya watu, watu wakalia. Tajiri mmoja akalitaka kwa ajili ya binti yake, Bwana Anselme akakataa kuliuza. Likakunjwa kwenye karatasi laini, likatiwa sandukuni, likapelekwa ghalani. Wenzake Leontine wakapata la kusema kwa miaka na miaka: mume wako amefungiwa sandukuni, Leontine, umpelekee chakula.

Jioni zikawa za namna moja. Bwana Anselme angeingia na kusema mkono huu wa gauni bado, binti, mteja anakuja kesho, nani mwingine nimwachie? Leontine alibaki. Akitoka, penye ngazi za kituo hapana mtu. Firmin alioa mwanamke wa Lyon, na alipomwambia, alimwambia kwa upole, na huo upole ndio uliomuuma zaidi. Leontine hakumlaumu Firmin, wala Bwana Anselme. Alililaumu sanduku. Maisha yake yote alijiambia kwamba bahati yake haikukataliwa, imecheleweshwa tu, imelala gizani ikimngoja bibi harusi. Sasa nywele zimekuwa nyeupe, na gauni linakwenda kuwekwa nyuma ya kioo. Leontine hakutaka mume tena. Alichokataa ni kuzikwa huku kipande cha usichana wake kimebaki humo, kinatazamwa na watu wasiomjua.

Solène, binti mwenye dhamana ya mavazi pale makumbusho, alimpokea vizuri, akamletea kiti na kahawa. Akamwambia pindo la lile gauni jeupe limeachia kidogo nyuma, kama angeweza kuliangalia. Leontine alipiga magoti kwa shida. Aliipitia mishono yake kwa kidole, midogo, imelala sawa, akaifurahia kidogo. Alipofika mahali penyewe, kidole kikasita.

Mishono ya hapo ilikuwa mikubwa. Ilikuwa imepinda, tena imelala upande usio wake.

Aliitambua palepale. Hata hivyo alifumua michache, akatia kidole ndani ya mkunjo, akapapasa kulia na kushoto. Hapakuwa na kitu.

"Mwizi," alisema kwa sauti ya chini.

"Umesemaje, bibi?"

"Nimejichoma na sindano."

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Mawazoni akamwona Bwana Anselme amekaa sakafuni peke yake na gauni magotini, anafumua, anautoa unywele, anashona kwa mkono ule uliochekwa. Alikuwa anaogopa kuikosa mikono tu? Au alikuwa anaogopa kumkosa na mwenye mikono? Bwana Anselme hakuoa. Miaka yote ile walikula supu zao za jioni kila mtu peke yake, huyu ng'ambo hii ya mto, yule ng'ambo ile, na kila asubuhi waliongea habari za mikono na kola. Angeweza kusema. Leontine naye angeweza kuuliza. Sasa hapakuwa na wa kuulizwa, na hilo lilimuuma kuliko wizi wenyewe.

Solène aliinama akatazama. "Hapo pameharibika sana, bibi. Nikushikie taa ufumue pote, ushone upya?"

"Hapana. Paache."

Alifunga fundo dogo kwenye uzi uliolegea, ili usiendelee kuachia. Mishono iliyobaki hakuigusa.

Siku ya ufunguzi alikwenda peke yake. Ukutani paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba gauni hili limetoka katika mikono ya Anselme Corvoisier. Bibi mmoja mwenye lulu shingoni alikuwa akimwonyesha mumewe.

"Hebu ona. Kila mshono wa mkono wake."

Leontine hakuwa amepanga kuongea na mtu.

"Si kila mshono, bibi. Ni pale nyuma tu, chini, karibu na sakafu."

Yule bibi alimtabasamia kama anavyotabasamiwa mzee aliyepotea njia, akamshika mumewe mkono, wakasogea kwenye gauni la pili. Leontine alizunguka kioo akitafuta pa kuchungulia. Sanamu lilikuwa limeupa ukuta mgongo, na pale nyuma hapakuonekana.