Bi Biubwa Anunua Ndege ya Viti Viwili

Mtaa wa India, pale Bagamoyo mjini, kuna duka la kanga ambalo mteja hajapata kulipa bei ya kwanza, wala mwenye duka hajapata kuitegemea. Mwenye duka ni Biubwa binti Sadallah, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mcheshi, ambaye mikono yake haitulii. Ukiingia utaulizwa hali, utaulizwa watoto, utaulizwa hata goti la mama yako lililouma mwaka juzi. Kisha utatajiwa bei, utashtuka, utataja yako, naye atashika kifua. Hapo wewe utaondoka polepole, kama mtu asiyetaka kitu. Ukifika barazani atakuita. Usigeuke. Anayegeuka kwa mwito wa kwanza huonekana ana shida, na mwenye shida hapunguziwi. Mwito wa pili ndio wa kununua. Mtaa mzima unajua hivyo, na wageni wasiojua ndio wanaotulipia chai.

Hayo ni ya mchana. Jioni, akishafunga duka na kuswali, Bi Biubwa hurusha ndege za vita.

Ilianza mwanawe, Amiri, alipokwenda kufanya kazi Maskati akaacha kompyuta yake chumbani, pamoja na mpini wa kurushia ndege uliofunikwa taulo. Bi Biubwa aliingia kufuta vumbi. Akagusa hiki, akabonyeza kile, ndege ikanguruma, na kabla hajapata wa kumwita ikawa iko juu ya bahari, yeye ameukumbatia mpini kwa mikono miwili, ufagio u kwapani. Ilipozama alisema innalillahi, halafu akatafuta nyingine. Chumba kile hakijafutwa vumbi sawasawa mpaka leo.

Mchezo wenyewe hutolewa bure, na ndani yake wanakupa ndege moja ya kizamani yenye kiti kimoja. Nyingine zote unanunua moja moja, na kila moja ina bei yake na tabia zake. Ziko zinazotii na ziko zenye kiburi. Mdogo wake Mahmoud, anayeishi Pangani, ndiye aliyemfundisha kutua, kwa simu, akimkaripia na kumwomba radhi kwa pumzi ile ile. Maana Mahmoud na wenzake, kila Jumapili alasiri, kila mtu nyumbani kwake na spika zake masikioni, hupigana angani na vijana wa Mombasa.

Basi mwanzo wa wiki Mahmoud akapiga simu.

"Dada, shikamoo. Nimenunua ndege ya viti viwili. Mbele rubani, nyuma mtu wa kutazama rada na kufyatua makombora."

"Marahaba. Nyuma nakaa mimi."

"Kwa hiyo na wewe uinunue. Sharti kila mmoja awe na yake, ndipo tukae pamoja."

"Nitanunua, kwani shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba Shuaibu keshanunua, naye anakitaka kiti hicho."

Kidogo Bi Biubwa akate simu. Shuaibu ni mtalaka wake. Waliachana zamani na kwa wema, bila kurushiana vyombo, na mpaka leo husalimiana misibani. Lakini Shuaibu hajui kupata kitu akakaa nacho kimya. Akikalia kiti kile Jumapili moja tu, habari itafika Bagamoyo kabla ndege haijatua, na kila arusi atakayokwenda Bi Biubwa ataulizwa imekuwaje nduguye wa tumbo moja akampakia mtalaka, akamwacha yeye chini.

"Mahmoud, kiti kile ukimpa Shuaibu, tutaonana kiyama."

"Mpaka Jumapili, dada. Mombasa hawangoji mtu."

Mlango wa pili kutoka duka la kanga yupo Ummy, binti anayepiga picha za pasipoti na kuuza vocha. Mambo ya maduka ya kwenye intaneti anayajua, naye ndiye mwenye ile kadi ya malipo ya kwenye simu. Bi Biubwa akaburuta kigoda, akaketi.

"Ziko sehemu mbili," Ummy akamweleza. "Kuna soko kubwa linalouza michezo yote ya dunia, na kuna duka la wenyewe waliotengeneza mchezo huu. Ndege ni ile ile, bei ni ile ile."

"Mahmoud kanunua wapi?"

"Kwa wenyewe, bila shaka. Si uliniambia wamempa pointi za kununulia nyingine? Soko kubwa halitoi."

Bi Biubwa akalipima jambo kama mfanyabiashara. Soko kubwa lina watu wengi, nani atakuwa na nafasi ya kumsikiliza? Kwa mwenye mali hakuna dalali katikati, na palipo na mwenyewe panazungumzika. Akamwambia Ummy aiweke ndege kwenye kikapu cha wenyewe. Kisha akataka kuandika barua. Ummy akamtafutia mahali pa kuwauliza wenye duka maswali, naye akaandika kwa kidole kimoja:

"Assalaam aleikum. Habari za huko na za watoto? Mimi ni Biubwa binti Sadallah wa Bagamoyo. Ndege yenu ya viti viwili nimeipenda, lakini hii ni bei ya mgeni. Mimi si mgeni, mdogo wangu kanunua kwenu juzi. Nipeni bei ya ndani."

Akaituma, akainuka, akajifunga kanga yake vizuri.

"Wapi sasa?" Ummy akauliza. "Hujalipa."

"Naondoka. Wataniita."

"Bi Biubwa, hawa watu hawakuoni."

"Kikapu wamekiona."

Siku ya pili yake Ummy aliingia dukani anakimbia, kiatu kimoja mkononi. "Wameita. Wallahi wameita. Wanasema umesahau kitu kikapuni, ukikichukua sasa wanakupunguzia robo ya bei."

Bi Biubwa hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kukunja doti. "Wamejibu salamu?"

"Hawakujibu."

"Basi tungoje mwito wa pili. Huko ndiko wanakojibu salamu."

"Na usipokuja?"

"Mwanangu, wewe hujazaliwa mimi nishaanza kuuza kanga."

Siku zile zilizofuata alikuwa kama bi harusi. Aliimba dukani. Aliuza doti kwa bei ya kuchekesha, na mteja mmoja alipoondoka polepole alisahau kumwita, mama wa watu akajirudia mwenyewe kwa haya. Jioni alipanga viti viwili chumbani kwa Amiri, cha mbele akakiwekea mto kuwa ndiye Mahmoud, cha nyuma akakaa yeye, akawa anauamrisha mto ugeuze kulia. Kila asubuhi alipita kwa Ummy kuuliza kama wameita tena. Ummy alitikisa kichwa tu.

Jumamosi, baada ya alasiri, Mahmoud akapiga. "Dada, sijui nikwambieje. Shuaibu kanunua spika mpya za masikioni. Keshaanza kuniita rubani wangu."

Bi Biubwa aliacha duka wazi. Ummy alimwona anavyokuja akafungua simu kabla hajaambiwa, akatazama, akauma mdomo. Lile punguzo lilikwisha jana yake. Halafu likamjia swali ambalo lilipaswa kuja mwanzo.

"Bi Biubwa, kwani ule mchezo wenyewe Amiri aliuchukua wapi?"

"Nitajuaje? Kuna alama ya soko ukiuwasha."

"Ya lile soko kubwa?"

"Hilo hilo."

Ummy akasoma maandishi madogo, akayarudia. "Ndege ya dukani kwa wenyewe haiingii kwenye mchezo wa sokoni. Mpaka uushushe mchezo mzima upya kutoka kwao. Na kwa intaneti yetu hii utamaliza kushuka Jumatano, Mungu akijalia."

Bi Biubwa akakikalia kigoda taratibu. "Ina maana wiki nzima nimeliringia duka lisilo na saizi yangu."

Wakatazamana. Ummy ndiye aliyeanza, na Bi Biubwa akamfuata, wakacheka mpaka wakashikana mabega, mpaka mtu aliyekuja kupiga picha akachungulia mlangoni na kwenda zake, na hakuna aliyemwita.

Wakafungua sokoni. Ndege ilikuwepo, inang'aa, bei kamili, bila hata senti iliyokatwa.

"Tuiweke kikapuni, tuondoke?" Ummy akauliza, uso mkavu.

"Usinichezee."

"Nakukumbusha tu, hiyo ni bei ya kwanza."

"Naiona, nina macho." Akachungulia mtaani, kushoto na kulia, kama mtu anayetaka kuchuma embe la jirani. "Bonyeza. Na ukimwambia mtu, nitatangaza kwamba picha zako zinawatoa watu pua mbili."

Ummy akabonyeza. Ilipoadhiniwa magharibi, ndege ilikuwa imeshuka yote, iko uwanjani, inamngoja.

Jumapili wakapaa. Mahmoud mbele, Bi Biubwa nyuma, Shuaibu anawafuata katika ndege yake peke yake, kiti chake cha nyuma kitupu. Dunia ikainama, bahari ikaja juu, mawingu yakapita chini ya miguu, na Bi Biubwa kwa furaha akawa anataja kila kitu anachokiona, mpaka ule mto wa kitini. Kijana wa kwanza wa Mombasa, Bi Biubwa alimtungua kabla hajamaliza kumsalimu. Mahmoud akacheka mpaka ndege ikayumba.

"Dada, mwisho ulinunua wapi?"

"Sokoni. Mchezo wangu ni wa sokoni."

"Wamekupunguzia?"

"Nilikuwa nimeshaondoka, Mahmoud. Wakaniita wenyewe."

"Nilijua watakuita. Ikawa kiasi gani?"

Bi Biubwa akatazama rada. Ilikuwa tupu kama sinia baada ya maulidi.

"Adui kushoto," akasema. "Geuza, geuza haraka."

Mahmoud akalaza ndege ubavu, akazunguka anga yote, akatafuta juu, akatafuta chini. "Simwoni."

"Atakuwa kajificha. Zunguka tena."

"Hata mimi simwoni," akasema Shuaibu huko nyuma.

"Wewe hukuwa na macho tangu zamani," akamjibu. "Zunguka, Mahmoud."