Kopo la Samli la Hansaben

"Nani alibandika kitu hiki kwenye sanduku la joto la mwanangu? Nauliza kwa Kiswahili, maana nyote mnakijua. Nani?"

Jepchumba alikuwa amesimama kwenye korido ya hospitali, stika ya rangi ya waridi imemganda kidoleni. Mbele yake wamama wa ushirika wa kanisa walikuwa wamejipanga kama watoto walioitwa na mwalimu mkuu. Kwenye ile stika, kwa maandishi ya kumetameta, palikuwa pameandikwa MUUJIZA.

"Dada, tulikuwa tunakuombea," alisema Stephania. Huyu ndiye mwenyekiti wao, Mtanzania wa Mbeya, mtu wa kukupikia sufuria zima la wali bila kuombwa na kukupangia maisha bila kuombwa vilevile.

"Kuomba si kubandika."

"Jamani, mtoto hana jina! Vitanda vyote humu vina majina. Chenu kimeandikwa 'mtoto wa Jepchumba', kama mzigo uliosahauliwa bandarini. Tukasema tumpe la kuanzia."

"La kuanzia, au la kumalizia?"

Asubuhi ile madaktari walikuwa wamesema damu ya mtoto imeingia vijidudu, na habari ilifika ushirika kabla chai haijapoa. Mmoja wao alikuwa amesema, si kwa ubaya, kwamba Mungu akimchukua asiende bila jina. Stephania aliangalia viatu vyake.

"Mwanangu si muujiza," alisema Jepchumba, akiikunja ile stika mpaka ikawa kama punje. "Muujiza watu huja kuutazama, kisha wakaenda zao kula. Huyu ni mtoto. Jina atapewa akipiga chafya, siyo kabla. Asanteni kwa maombi. Mlango wa lifti ni ule pale."

Wakaondoka. Wema wa watu wa ushirika ni wa kweli, ila haubishi hodi.

Sasa hilo la chafya lilimshinda Stephania kulielewa, na si yeye peke yake. Jepchumba ni Mnandi, na mumewe Kiprono hali kadhalika. Kwao mtoto hachaguliwi jina kama mtu achaguavyo kitambaa dukani. Bibi anaketi, anaita majina ya waliotangulia wa ukoo, moja baada ya jingine, na jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi ni hilo. Huyo ndiye aliyerudi. Majina mengine yote, ya kanisani na ya shuleni, ni kofia tu, huvaliwa baadaye. Zamani walimnusisha mtoto ugoro kidogo ili kazi isichelewe.

Lakini binti huyu alikuwa amekuja miezi mitatu mapema, mdogo wa kulala kwenye kiganja cha Kiprono, na puani alikuwa na mpira wa kupumulia. Mtu mwenye mpira puani atapigaje chafya? Mama mkwe, Kogo, alipiga simu kutoka nyumbani kwao Mosoriot akasema atamtuma mtu na ugoro. Kiprono, mwanamume mzima anayeendesha mashine ya kunyanyulia mizigo huku ughaibuni, kule Wetherill Park, akaenda kweli kumuuliza nesi kama ugoro unaruhusiwa. Nesi akamwomba aeleze tena, polepole. Jibu likawa hapana.

"Basi tungoje," alisema Jepchumba.

"Na ikiwa..." alianza Kiprono.

"Sijakuuliza hesabu ya 'ikiwa'. Nimesema tungoje."

Ilikuwa mimba yake ya nne na ndiyo ya kwanza kutoa mtoto anayelia. Alikuwa amevuka miaka arobaini. Alichokitaka hakikuwa kikubwa: mtoto huyu afike nyumbani Guildford, aitwe mbele za watu, apokewe kwa jina la ukoo wake, wala si kwa jina la huruma.

Jioni ya siku ile ya stika alirudi amechoka hata kufungua mlango. Funguo zilimwanguka mara mbili. Mlango wa jirani ukafunguka.

"Wewe! Kuja hapa. Umekula?"

Huyo ni Hansaben. Jina lake ni Hansa. Hilo "ben" kwa Kigujarati ni dada, na kila mtu humwita hivyo. Alizaliwa Kisumu, duka la baba yake likiuza vitambaa na mafuta ya taa, na Kiswahili chake ni kile cha kaunta: kifupi na cha kuamrisha. Mjane, watoto wake wako mbali, na jikoni kwake kuna picha za miungu yake juu ya jiko, zimepakwa moshi kidogo.

"Sijasikia njaa, Hansaben."

"Sikuuliza njaa. Niliuliza umekula."

Akamkalisha, akamwekea chapati yenye samli na sukari guru. Jepchumba akala akilia, akilia akila. Maziwa yalikuwa yamepungua. Kila asubuhi na kila mchana alijikamua kwa mashine kama ng'ombe wa gredi, yeye mtoto wa wafugaji, akabeba chupa kwenye treni ndani ya mfuko wenye barafu, na siku ile chupa ilikuwa na kimstari tu chini.

"Wanasema ni muujiza," alisema. "Wameshamfanya mtakatifu. Bado hajafa."

Hansaben akavuta kiti. "Mimi nitakwambia muujiza. Sisi tunayo mingi, na yote ni ya kuzaa. Yule pale," akaelekeza kijiko kwenye picha ya mungu mwenye kichwa cha tembo, "mama yake alijisugua manjano wakati wa kuoga, ule unga ukatoka mwilini, akamfinyanga mtoto. Mwingine alitoka motoni akiwa mkubwa, amevaa na kujipamba. Mwingine alifukuliwa na jembe mfalme akilima. Mwingine alihamishwa tumbo hadi tumbo ili mjomba mkatili asimpate."

"Mnazaa kwa vituko nyinyi."

"Ngoja. Kulikuwa na malkia. Alikaa na mimba muda mrefu sana. Siku ya kuzaa akazaa nini? Kibuyu."

Jepchumba akaacha kutafuna. "Kibuyu?"

"Kibuyu. Cha kwenye mmea. Mfalme akasema tupeni. Sauti ikatoka juu: usitupe, wewe mjinga. Toa mbegu, kila mbegu tia kwenye mtungi wa samli, funika. Wakafanya. Katika kila mtungi akakua mtoto wa kiume. Maelfu."

Jepchumba akaiweka chapati chini. Nyumbani kwao, mama yake alikuwa na vibuyu vya maziwa vimetundikwa ukutani, vimesuguliwa kwa mkaa wa mti, na ole wake mtoto atakayekifungua kimoja kabla ya wakati.

"Na hiyo mitungi," aliuliza, "nani alikuwa akiilinda? Nani alibadilisha samli ikichacha?"

"Kila mtungi ulikuwa na yaya wake."

"Maelfu ya yaya?"

"Maelfu ya yaya."

"Na malkia mwenyewe alifanya nini muda wote huo?"

Hansaben alifikiri. "Hadithi haisemi. Mimi nadhani alifua."

Jepchumba akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya chenye makamasi, lakini kilikuwa cha kwanza tangu ajifungue. "Kwa hiyo hakuna muujiza hapo. Kuna watu waliokesha na kuangalia mitungi."

"Ndiyo nakwambia," alisema Hansaben. Akainuka, akafungua kabati, akatoa kopo la chuma lenye mfuniko, limejaa samli ya rangi ya dhahabu. "Chukua. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, na sukari guru. Kwetu mzazi hula hivi, maziwa yanarudi."

"Hansaben, hapana. Umeshanipa mengi."

"Nani amesema nakupa? Zawadi hupewa mtu wa kuhurumiwa. Wewe nakukopesha. Siku mtoto akifika nyumbani, unirudishie kopo langu, limejaa, samli ya kuchemsha mwenyewe. Si ya duka. Ya duka nitaitupa."

Jepchumba alilishika lile kopo kwa mikono miwili. Watu wote waliokuja kumwona walikuwa wamempa vitu kwa namna ya kuaga. Huyu mzee peke yake ndiye aliyemdai.

Basi alilila deni lake, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Sitasema maziwa yalifurika. Yaliongezeka, na ilitosha. Alijifunza kusoma namba za mashine, akajifunza kuingiza mkono kwenye tundu la inkubeta na kuuweka tu juu ya mtoto bila kumpapasa, maana ngozi ile ilikuwa nyembamba kama utando wa kitunguu. Nesi akichelewa, alikohoa mpaka akaja. Mwenzake wa kazini, kule anakotunza wazee, alipomwambia apumzike siku moja, alimjibu kwamba mtungi haulindwi kwa zamu ya kuruka. Yule hakuelewa. Hakuelezwa.

Vijidudu vikashindwa. Mpira ukatolewa, ukarudishwa, ukatolewa tena. Mtoto akanenepa shingo. Na siku moja ya jua kali Kiprono akaendesha gari kutoka hospitali hadi Guildford kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai, magari yote nyuma yake yakimpigia honi.

Siku iliyofuata Jepchumba alikwenda Bankstown akanunua siagi isiyo na chumvi, ya kutosha. Kuipika ndiko kulikomshinda: Mnandi anajua siagi ya kupaka, ya kuchemsha samli hakuwa na habari nayo. Mara ya kwanza aliiunguza ikawa nyeusi. Akamwaga, akarudi dukani. Mara ya pili Hansaben aliisikia harufu kupitia ukutani, akaja na kandambili zake bila kuitwa.

"Punguza moto! Unapika samli au unachoma kwato?"

Stephania naye alikuwapo, amekaa kwenye kochi, amemshika mtoto kama mtu aliyeshikishwa glasi ya watu. Alikuwa amekuja kuomba radhi na sufuria la wali. Kabla radhi haijaisha kusemwa, wali ulikuwa umeshapakuliwa. Kiprono alikuwa na simu mkononi, na ndani ya simu Kogo alikuwa ameshaanza kuita majina, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Tapsubei!"

Mtoto akapiga miayo.

"Tabarno!"

Hakuna. Kogo aliita, akapumzika, akaita. Mtoto akalala, akaamka, akanyonya, akalala. Stephania akanong'ona, "Dada, na asipopiga je? Mmojawapo si angefaa tu?"

"Stephania."

"Nimenyamaza."

Jikoni, samli ilikuwa imetulia, safi, inaonyesha hadi chini ya sufuria. Hansaben aliinama akaichungulia. "Rangi nzuri. Lakini mimi silipwi kwa macho." Akatoa mfukoni kifuko chake cha viungo, akachota samli kijiko kimoja kwenye kikaango, akatupia punje za haradali na pilipili kavu moja. Zikaruka zikilia. Moshi mwembamba mkali ukapanda, ukageuka mlangoni, ukaingia sebuleni.

Kiprono alikohoa. Stephania akakohoa. Jepchumba akapiga kelele, "Hansaben, mapafu ya mwanangu!" na akarukia dirisha, akalifungua lote, akamnyakua mtoto akampeleka penye hewa.

Na Kogo, asiyejua lolote la moshi, akaita, "Tabutany!"

Mtoto alikunja uso wote, kama mzee aliyeambiwa uongo, akapiga chafya.

Stephania akaruka kutoka kochini.

"Nimesikia!" ilipiga kelele simu. "Nimesikia! Tabutany! Huyo ni mama yake baba yangu! Kichwa ngumu yule, alikataa kuolewa mara mbili! Amerudi! Kiprono, amerudi!"

Kiprono aligeukia ukuta. Jepchumba hakugeuka popote. Alimtazama binti yake, aliyekuwa ameudhika na kamasi limemning'inia, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemkaribisha mgeni aliyechelewa, "Tabutany. Haya. Umefika."

Stephania alikuwa analia wazi. "Naweza kusema lile neno sasa? Mara moja tu?"

"Sema kimoyomoyo."

Kisha Jepchumba akampa mtoto, akarudi jikoni, akachuja samli kwa kitambaa safi mpaka kopo la chuma likajaa hadi ukingoni, akalifuta nje, akalifunika, akamwekea Hansaben mkononi. Mzee alifungua, akachovya kidole, akalamba. Akachovya tena.

"Umeunguza kidogo chini," alisema.

"Lakini imejaa."

"Imejaa," alikubali Hansaben, akabonyeza mfuniko. "Hunidai, sikudai."