Mguu wa Khelef, Mpima Barabara

Khelef alikuwa mtu wa kwenda kwa miguu. Alipofika Ibra, Oman, kutoka Unguja pamoja na mkewe Kaltham, mwanzoni mwa miaka ya sabini, alipata kazi na kampuni moja iliyokuwa ikipima njia kwa ajili ya barabara ya Sur, na wenzake wakimlalamikia kwamba hajui kupumzika. Akipanda vilima, darubini begani na sigara mdomoni, akishuka wadini, kwenye mabonde makavu ya mito, akirudi nyumbani magharibi kanzu imejaa vumbi. Na bado atataka kwenda kusali msikiti wa mbali, kwa sababu imamu wa karibu, ati, anasoma mbiombio.

Kaltham ndiye aliyeanza kuona. Siku moja, mwaka wa themanini, walikuwa wakienda kwa Ghaniya, dada yake Khelef, ng'ambo ya mashamba ya mitende. Khelef akasimama ghafla, akajifanya anatazama mfereji.

"Maji yamepungua mwaka huu," alisema.

Kaltham akatazama. Maji yalikuwa tele. Wakaendelea kidogo, Khelef akasimama tena, na mara hii mkono umeshika nyama ya mguu.

"Una nini, baba Azza?"

"Umekaza tu. Nikisimama unaniachia."

Tangu hapo msikiti wa mbali ukawa hauna maana, imamu wa karibu akawa hana kasoro. Kazini aliomba wampe shughuli za mezani. Kitandani Kaltham alipougusa mguu wake aliukuta baridi kama jiwe la kisimani, vinyweleo vya ugokoni vimepukutika, ngozi inang'aa. Akimwambia aende spitali, Khelef akiwasha sigara nyengine. Ile sukari aliyoambiwa anayo zamani, Unguja, hakuwa akiitaja kabisa.

Ghaniya alibaki Oman kaka yake alipokwenda Unguja, na hakuwahi kutoka huko maisha yake yote. Kiswahili alikijua cha kuombea chumvi tu, na Kiarabu cha Kaltham kilikuwa cha kujikongoja, kwa hivyo walipendana bila ya maneno mengi. Alipomwona kaka yake anachechemea alisema ni baridi imeingia mfupani, dawa yake wasmu, yaani kuchomwa kwa chuma cha moto. Marehemu baba yao aliponywa mgongo hivyo hivyo. Akamleta bingwa wake, mzee wa Al Kamil mwenye mikono mitulivu.

"Wifi, tungoje daktari," Kaltham alisema kwa Kiarabu chake.

Khelef ndiye aliyemkata kauli. "Wache, Kaltham. Mikono ya kwetu hii."

Kaltham akenda akasimama mlangoni mwa jiko. Hakumsikia mumewe akilia. Alisikia harufu tu.

Chuma kiliacha majeraha mawili. La juu, penye nyama, lilikauka. La karibu na kifundo halikukauka. Alilisafisha kwa maji ya chumvi, akalipaka asali, akalifunga kitambaa safi, na kila akifungua akilikuta limetanuka. Kidole kidogo kilipoanza kuwa cheusi, Khelef mwenyewe alisema, "Twendeni."

Daktari wa pale Ibra, Msudani, aliweka vidole vyake mgongoni mwa wayo, kisha nyuma ya kifundo, akavirudisha pale pale mara ya pili.

"Mshipa wa hapa haupigi," alisema. "Mishipa inayoleta damu mguuni imeingia utando, imeziba. Ndiyo maana ulikuwa ukenda unaumwa, ukisimama unapoa. Nyama ilikuwa inaomba damu. Sigara na sukari ndizo zilizoifanya hivi."

"Na kile chuma?" Kaltham akauliza.

Daktari akamtazama Ghaniya, aliyekaa kwenye benchi amejifunika buibui mpaka machoni. "Mguu wenye damu haba hauponyi kidonda chochote," alisema polepole. "Hata cha kiatu."

Kaltham akamuuliza, na lau wangekuja mapema? Daktari hakutaka kusema, lakini alisema. Angeacha sigara. Angetunza sukari. Angetembea kila siku mpaka maumivu yaje, asimame yapoe, aende tena, maana mwili ukishurutishwa hufungua vijia vyengine vya damu. Kaltham akayakumbuka yale maji ya mfereji, akainamisha kichwa.

Maskati, alikowapeleka, madaktari waliwaambia mishipa imeziba mpaka chini kabisa, hakuna pa kuungia mshipa mwengine. Wakamkata mguu chini ya goti. Khelef alipozindukana aliomba sigara, halafu akasema, "La, usinipe," akageukia ukutani. Hakuvuta tena.

Wakarudi Ibra. Ghaniya akawa anakuja kila asubuhi na mkungu wa ndizi au bakuli la maziwa, anakaa chini karibu na kitanda, haondoki mpaka adhuhuri. Neno la wasmu halikutajwa na yeyote. Siku moja tu alimshika Kaltham mkono akasema kwa Kiswahili, "Mimi nilitaka apone." Kaltham akamjibu, "Najua, wifi."

Kaltham alifuata yote aliyoambiwa. Aliukagua mguu uliobaki baina ya vidole, akaukausha kwa kanga laini, akamkataza kukanyaga chini bila ya kiatu na kuusogeza motoni hata wakati wa baridi. Chai akampa bila ya sukari. Khelef alitii kama mtoto, na utiifu ule ulimuumiza Kaltham kuliko ukaidi wa zamani. Lakini kutembea, ile dawa kubwa, ndiko kulikomshinda. Mguu wa bandia ulimchubua kigutu, na magongo yalimchosha kabla hajafika ukumbini.

Mwaka uliofuata, baridi ilipoingia, Khelef alisimama katikati ya chumba, amejiegemeza kwenye magongo.

"Mama Azza," alisema, "nyama ya huu nao imeanza kukaza."

Kaltham akamsogezea kiti. Akamwambia akae mpaka upoe, halafu wajaribu tena.