Mkono wa Kulia, Hadi Moyoni na Kurudi

Sikuondoka nyumbani kwa kupenda kutembea. Niliondoka kwa sababu kwa miezi mitatu nilikuwa nimemwambia kila mtu hapa Makadara kwamba nina gesi kifuani. Nikipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, gesi. Nikiinua gogo la mpingo kibandani ninakochongea vinyago, gesi. Nilikunywa tangawizi mpaka mke wangu Mwikali akawa anainunua kwa kilo. Mwishowe akanivuta kliniki, nikapigwa picha, na daktari akanionyesha mshipa wa moyo uliobanana kabisa. "Gesi yako ndiyo hii," akasema. Nilicheka, maana nikiogopa huwa nacheka. Mwikali hakucheka.

Saa kumi na mbili asubuhi, siku ya safari, nilikuwa nje na tumbo tupu, nimefunga tai. Mpaka leo sijui nilitaka kumpendeza nani. Jirani yetu Bwana Salim, mtu wa Mombasa mwenye duka la vyombo, alijitolea kutupeleka kwa gari lake.

"Kaa mbele, Bwana Mutisya. Leo wewe ndiye bwana harusi."

"Bwana harusi gani anaenda kulazwa?"

"Wapo," akajibu. "Yategemea kaoa wapi."

Kwenye Jogoo Road foleni ilitusimamisha, na mbele kidogo watu wa kesi walikuwa wakielekea mahakamani. Niliwaonea wivu. Wao, hata mambo yakiharibika, huenda wangepewa tarehe nyingine.

Saa tatu, hospitalini, nilivuliwa tai na kila kitu kilichoandamana nayo, nikavishwa gauni lililo wazi mgongoni. Daktari wa moyo alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya upole. Alivuta kiti akakaa karibu nasi.

"Tutaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono, uende mpaka moyoni," alisema. "Pale palipobanana tutajaza kiputo kipanue mshipa, kisha tutaacha stenti, kibomba kidogo cha wavu wa chuma, kishikilie njia. Wengi hutoka hapa vizuri. Lakini sitakudanganya, mzee. Damu inaweza kutoka kwa wingi. Mshipa unaweza kupasuka. Dawa ya rangi inaweza kusumbua figo. Kuna wachache hupata kiharusi au mshtuko wa moyo mezani, na kuna ambao hatuwaokoi."

Mimi ni mchongaji. Anayesema hajawahi kupasukiwa na mpingo, ama ni mwongo ama ameanza kazi jana. Nikamuuliza, "Wewe, wamewahi kukupasukia?"

"Wapo," akasema. "Nawakumbuka kwa majina."

Nikatia sahihi. Huyo nilimwamini.

Ndipo akaniuliza swali lililonifichua nilivyo. "Wewe ni mtu wa kazi ya mikono. Tunaweza kupitia mkono wa kushoto, huu wa kulia upumzike. Unasemaje?"

Nilishtuka. Mimi nililelewa na nyanya aliyenichapa kwa kupokea hata ndizi kwa mkono wa kushoto. "Hapana, Daktari," nikasema kwa uzito wote. "Mgeni anayekwenda moyoni hapokelewi kwa kushoto."

Mwikali alifunika uso kwa kiganja. Daktari alicheka, akasema hata wa kulia unafaa.

Saa tano nilikuwa mezani, macho wazi, maana hawakulazi usingizi. Chumba kilikuwa na baridi ya kutisha.

"Mzee, niaje? Uko poa?" aliuliza muuguzi, kijana wa Umoja.

"Niko fiti," nikasema, meno yakigongana.

Dawa ya rangi ilipoingia, joto lilinishuka hadi mapajani, nikaamini nimejikojolea. Nikaomba msamaha. Muuguzi akaniambia niko sawa, kila mtu huomba msamaha hapo. Kisha kiputo kikajazwa na ule mbano wa kifuani niliouita gesi ukarudi, mkali kuliko siku zote. Niliogopa sana. Nilikumbuka kwamba sikumuaga Mwikali. Nilimpa tu tai anishikie. Baada ya muda mfupi mbano ukaachia. Kwenye kioo cha mashine nikaona mshipa uliokuwa uzi umekuwa kamba.

Kesho yake saa nne tuliruhusiwa. Daktari alitusemesha sote wawili. "Mkono huu kwa siku kadhaa usinyanyue, usisukume, usiukunje kwa nguvu. Vidonge hivi viwili usiache hata siku moja bila kuniuliza. Vinazuia damu isigande kwenye stenti. Lakini vinaifanya ichelewe kukatika, kwa hiyo ikitoka, kandamizeni na mrudi mbio."

Saa tisa mchana kikundi chetu cha kanisa kilijaa sebuleni, Bwana Salim naye akiwa kati yao. Mwikali alikuwa jikoni akipika chai. Daktari alikataza kunyanyua na kusukuma. Kuhusu salamu hakusema kitu. Na mgeni akikunyoshea wa kulia, utampa nini? Niliwapa wote, mmoja mmoja, nikitabasamu. Wa mwisho alikuwa Mzee Kilonzo, mzee wa kanisa, ambaye akikushika mkono huutikisa mpaka maombi yaishe. Aliniombea kwa kirefu. Aliposema amina, mkono wa shati langu jeupe ulikuwa mwekundu.

Mwikali alitokea na birika, akaliweka sakafuni, akanishika kifundo cha mkono kwa vidole gumba viwili. "Bwana Salim, gari! Mzee, endelea kuomba, lakini tupishe mlangoni."

Hospitalini walinifunga bangili ya plastiki iliyojazwa hewa. Yule daktari akanitazama. "Ulinyanyua nini?"

"Sijanyanyua kitu. Nilisalimiana."

"Na watu wangapi?"

"Kanisa," nikasema.

Damu ilipokatika tulikaa nje kumngoja Salim alete gari. Mwikali alikuwa akifuta damu vidoleni. "Baba Mueni," alisema, "uliogopa kumkosea Mzee Kilonzo. Kunifanya mjane hukuogopa."

Nilitafuta kicheko, sikukipata. Nilikuwa nimehofia mrija, kiputo na figo, vitu vilivyokuwa mikononi mwa watu wanaojua kazi yao. Hatari niliyoshindwa kuiona ni mimi mwenyewe na adabu zangu, na aliyezilipia ni huyu aliyekandamiza mkono wangu njia nzima bila kupumzika. Niliona haya, nikamwambia hivyo.

Tulipopanda gari tulikaa nyuma wote wawili. Nikamnyoshea mkono wa kushoto, ule usio na heshima. Aliushika kwa mikono yake miwili, na hakuuachilia mpaka Makadara.